Nimeshauriwa, Nimekataa

Katika historia ya marehemu iliyosomwa kwenye mazishi ya Mama Chebet huko Keringet, mwaka ule niliokaa naye ulipewa maneno matatu: "Aliishi Nakuru kidogo." Mpwa wake ndiye aliyesoma, kijana mwenye sauti ya kutangaza mpira, na alipofika hapo hakuvuta hata pumzi, akaruka moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa wa miguu na wajukuu aliowaacha. Nilikuwa nimekaa chini ya hema, viatu vimejaa tope la shamba la viazi, nikajikuta nimeshika kwa nguvu mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu. Hakuna aliyedanganya. Aliishi Nakuru kidogo. Lakini karibu kila kitu kilichonipata mimi na wadogo zangu baadaye kilitoka katika hicho kidogo, na wanaokijua sasa wamebaki wachache, kwa hiyo nakiandika kama nilivyokiona.

Wadogo zangu ni wawili, Tabitha na Musa. Habari za jinsi tulivyobaki watatu peke yetu nitaziacha. Zinafanana na za nyumba nyingi. Inatosha kusema kwamba niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na kwamba katika maisha yale nilikuwa na nia moja tu, sisi watatu tusilale kwenye nyumba tofauti. Shangazi yetu wa Mau Narok alikuwa tayari kumchukua Tabitha. Mjomba wetu wa Molo alikuwa tayari kumchukua Musa. Wote walikuwa na moyo mzuri, na wote niliwakatalia. Tulipanga chumba cha mabati mjini, tukalala kitanda kimoja, Musa katikati kwa sababu alikuwa na tabia ya kuanguka. Kila likizo Shangazi alikuja na viazi, akaketi ukingoni mwa kitanda kile na kuziangalia kuta moja moja, kama mtu anayesoma tangazo. "Rahab," alikuwa akisema, "hapa si pa kulea watoto." Mara ya mwisho aliposema hivyo nilimwomba anipe mwaka mmoja. Akakubali, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari ametenga kitanda.

Kazi yangu ilikuwa katika ofisi ya Madam Florence, ejenti wa nyumba, juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wateja, na hadi leo nikipita mahali panapopakwa rangi nasikia sauti yake. Mimi nilishika funguo na kuwaonyesha watu nyumba. Kabla sijafika pale, mnunuzi mmoja alikuwa amempeleka Madam kortini kwa ajili ya paa lililovuja, na ingawa alishinda, kesi ile ilimwacha na woga uliogeuka kuwa utaratibu. Siku yangu ya kwanza aliniketisha akanifundisha kuongea upya. "Usiwahi kumwambia mtu nyumba ni nzuri," alisema. "Sema iko na vyumba vitatu. Vyumba anaweza kuhesabu mwenyewe. Ukishasema nzuri, huo uzuri ni wako, utaulipia." Nikamuuliza, mteja akitaka kujua kama paa linavuja? "Mwambie alete mtu akague." Na akiuliza kama majirani ni watu wazuri? Madam alifikiri kidogo. "Sema wapo."

Kila mnunuzi alishauriwa alete mkaguzi, mtu wa kufungua dari, kugonga sakafu na kuchungulia shimo la choo. Karibu wote walikataa. Watu wa kwetu wanaogopa hati ya uongo kuliko msingi wa uongo. Mtu atakwenda ofisi ya ardhi asubuhi na mapema, atatafuta jina la mwenye shamba na la aliyemtangulia, atawauliza wazee wa mtaa kama kuna kesi ya urithi, halafu nyumba yenyewe ataitazama kwa macho, agonge mlango kwa kidole, aseme iko sawa. Aliyekataa ukaguzi alikalishwa kwenye meza ya Madam. Karatasi ilisomwa kwa Kiswahili, ikaelezwa kwa lugha ya mama kama alitaka, kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Nimeshauriwa, nimekataa. Akatia sahihi. Chai haikuletwa mpaka hapo. Niliwahi kuileta mapema, Madam akanirudisha nayo mlangoni. "Chai ni baadaye. Mtu akishakunywa chai yako anasaini kwa adabu, halafu wakili wake anasema tulimlainisha." Nilimwona mkali. Sasa ninajua alikuwa mwangalifu tu, na wenzetu wasiokuwa na uangalifu ule niliwaona wakifunga ofisi zao kwa makosa ya kuta ambazo hawakuzijenga.

Mama Chebet alitujia mwanzoni mwa mwaka ule. Alikuwa mjane, amelima Keringet maisha yake yote, na miguu ilikuwa imeanza kumkatalia mteremko. Binti yake Chebet alikuwa ameolewa Kericho. Mama aliuza shamba, akataka nyumba Nakuru, karibu na hospitali, mahali ambapo hatamtegemea mtu. Nyumba aliyoitaka alikuwa ameshaijua. Ilikuwa ya Mzee Elijah, mzee wa kanisa lake, na ilikuwa mikononi mwetu kwa kuuzwa. Nilimpeleka kuiona. Vyumba vitatu, sebule yenye sakafu nyekundu inayong'aa, jiko lenye dirisha la kutazama mlima Menengai, na nyuma, ng'ambo ya kamba za nguo, vyumba viwili vidogo vya mawe.

"Unakaa na nani?" aliniuliza tukiwa jikoni.

"Na wadogo zangu."

"Na mkubwa wenu?"

"Mkubwa ni mimi."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akatembea polepole hadi nyuma, akafungua milango ya vile vyumba viwili, akafunga. "Hizi nitafanyia nini? Nifuge kuku? Mtakaa hapa. Wewe utanisaidia kuchota maji na kunipeleka hospitali. Hao watoto wataniletea kelele, nyumba bila kelele ni kaburi."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka nyumba ile. Ilikuwa jibu la kumpa Shangazi. Hata hivyo nilimwambia Mama palepale, nikiwa bado na funguo mkononi, alete fundi akague kwanza. Upande ule wa mji udongo wake ni majivu ya mlima wa zamani. Ukiwa mkavu unabeba nyumba bila shida, lakini mvua kubwa ikipata njia ya kuingia chini, inauchota kidogo kidogo, na juu hakuna anayeona kitu mpaka siku ardhi inapofunguka. Kila mtu Nakuru anajua habari hizi. Lakini kila mtu anadhani ni habari za barabara fulani, za shamba la mtu mwingine.

"Akague nini?" Mama aliuliza.

"Msingi. Sakafu. Ukuta wa nyuma."

Alicheka. "Rahab, wewe unataka hii nyumba ama hutaki?"

"Naitaka, Mama."

"Basi nyamaza."

"Siwezi kunyamaza. Ndiyo kazi. Na hata kama si kazi ningekuambia."

Hapo aliacha kucheka. Akaegemea sinki. "Sikiliza. Siku tunazika bwanangu, mvua ilikuwa inanyesha. Huyu Mzee Elijah alikuwa amebeba jeneza mbele. Akateleza, akaanguka na goti, na hakuliachilia. Goti lake lilivimba mwezi mzima. Sasa mimi nimletee mtu na nyundo agonge sakafu yake, kama polisi wanatafuta bunduki? Jumapili nitaketi wapi?"

"Muulize basi mwenyewe. Muulize tu kama kuna shida."

"Kumuuliza ni kumwambia mimi nafikiri anaficha." Akapangusa mikono kwa leso ingawa haikuwa na maji. "Mambo mengine mtu anaangalia nani anauza."

Mama alikuja ofisini amevaa sweta yake ya kanisa. Madam alisoma ile karatasi, kisha akanigeukia nimsomee tena, taratibu. Mama alisikiliza yote akiwa amefumba macho kama anaombewa. Aliandika sentensi ile kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani, akauliza kama "nimekataa" ina a mbili mwishoni, akatia sahihi. Ndipo nikaleta chai, na Madam akampongeza, na kwa muda ofisi ile ilikuwa na furaha ya kweli. Nilikuwa nimesema kila nilichopaswa kusema, nimesema na zaidi.

Kabla hatujahamia, kina mama wa kanisa walikuja kuiombea nyumba. Walipaka mafuta kwenye kila fremu ya mlango, hadi mlango wa choo, wakaingia sebuleni wakaimba. Walikuwa wanawake wazito wenye viatu vya kazi, na waliruka kwenye ile sakafu nyekundu hadi vikombe vikalia kabatini. Mmoja wao alisimama katikati, jasho likimtiririka, akapaza sauti: "Mama Chebet, ejenti alitaka mkaguzi, si ndiyo? Haya! Hii imekaguliwa na Mwenyewe!" Wote wakacheka wakinitazama. Nami nikacheka. Tabitha alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli tutalala huku kuanzia leo.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyoifikiria pale chini ya hema. Tabitha alipata kona yake, akaning'iniza kanga kuizunguka na kututaka tubishe hodi kwenye kanga. Musa alipata godoro la peke yake, sakafuni, ambapo hata akianguka hakuwa na mbali pa kwenda. Asubuhi tulikula kwa Mama, viazi vilivyobaki na chai yenye maziwa mengi. Jioni ugali, mboga ya managu, na maziwa ya mgando, mursik, kutoka kwenye kibuyu alichokilinda kama mtoto mchanga. Mara ya kwanza Musa alikunja uso kwa ule uchachu. "Huyu ni mtu wa maziwa ya pakiti," Mama alisema. "Tutamtengeneza." Baada ya muda ndiye aliyelamba kikombe. Kila jioni, tukiosha vyombo, tulimsikia Mama chumbani mwake akiomba kwa Kipsigis, maneno marefu ambayo sisi hatukuyajua, na katikati yake, majina yetu, Tabitha, Musa, Rahab, yakiwa yamekaa kati ya majina ya watoto na wajukuu wake kama yalizaliwa huko. Tuliacha kugongesha sufuria ili tuyasikie. Shangazi alipokuja na viazi, aliketi kwenye kiti cha kweli, akaziangalia kuta za mawe, akala, akaaga. Hakusema lolote kuhusu watoto. Nilimsindikiza hadi barabarani nikijiambia kwamba imekwisha, nimeweza.

Halafu mvua ndefu zikaja, nzito kuliko kawaida. Mlango wa jiko ndio ulioanza kukataa kufungwa. Mama alisema mbao zimevimba kwa unyevu, fundi akaja akaupiga randa, ukafungwa, ukakataa tena. Ufa ukatokea pembeni mwa dirisha, mwembamba kama unywele, na Mama akautundikia kalenda ya kanisa. Nilimwambia tumwite injinia. "Mvua ipungue," alisema, na nilijua kutokana na jinsi alivyogeuza uso kwamba naye alikuwa ameanza kuogopa. Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa jikoni wote, chai imeshamiminwa, tukasikia sauti kama gunia la mahindi limetupwa chini kutoka kwenye lori. Tulipofika mlango wa sebule, sebule haikuwepo. Kochi la Mama lilikuwa chini, chini sana, limeegemea ukingo wa shimo jeusi, na lile kabati la vikombe lilikuwa linainama kulifuata. Maji yalisikika yakipita huko ndani kama mto. Tulitokea mlango wa nyuma. Mama alikuwa bado ameshika kikombe.

Injinia wa kaunti alikuja na gambuti na kamba, akaangalia kutoka mbali. Alisema mpasuko ule ulipita chini ya nyumba nzima hadi vyumba vya nyuma, na kwamba haukuwa mpya; mtu alikuwa ameujaza mawe na takataka kabla ya kumwaga sakafu. "Hapa ungegonga na nyundo tu ungesikia tupu," alisema. Kina mama wa kanisa walikuwa wamekuja na blanketi na sufuria za uji. Waliinamia sufuria zao. Walikuwa wameruka pale juu, wote, wakiimba.

Mzee Elijah alikuwa amehamia kwa mwanawe Eldoret. Alikuja, hilo nakiri. Alisimama kwenye nyasi, kofia mkononi, akalia mbele ya watu. Na Mama alipomuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama alijua, alisema: "Hukuniuliza, mama. Haki ungeniuliza ningekuambia." Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, na naamini lilikuwa la kweli. Alinyamaza kwa sababu hakuulizwa, na Mama hakuuliza kwa sababu alimheshimu, na kati ya hizo adabu mbili kulikuwa na shimo.

Chebet alitoka Kericho akiwa na wakili. Mkataba wa kuuziana ulisema nyumba inanunuliwa kama ilivyo, kwa hiyo upande wa Mzee Elijah wakili aliona safari ndefu isiyo na mwisho mzuri. Tumaini lake lilikuwa ofisi yetu. Tulikaa kwenye meza ileile. Madam aliweka karatasi katikati, hakuigusa tena. Macho yake yalikuwa mekundu, na sitaki mtu anayesoma hapa amwone kama adui. Wakili alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye ulimwonyesha nyumba?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaishi kwake. Yeye ndiye alikuwa anawalisha, wewe na wadogo zako. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa mwambie huyu mama, akiwa amekaa hapo. Ulimshauri kweli, ama ulisoma tu karatasi haraka haraka ili mteja asipotee?"

Chebet alikuwa ananitazama kama mtu anayenisukumia mlango nitokee. Ningesema nilisoma haraka, Mama angepata kitu cha kushika, na Madam angeanguka, na mimi ningekuwa nimedanganya kuhusu kazi pekee niliyoifanya sawasawa maishani. Nilimwangalia Mama. Nilikuwa naomba aseme kitu kabla yangu.

"Nilimshauri," nikasema. "Nyumbani na hapa. Nilimwambia habari za udongo."

"Alielewa?"

"Alielewa."

Mama alichukua mkoba wake. "Huyu mtoto hajadanganya," alimwambia wakili. "Aliniambia mpaka nikachoka. Twende." Wakati ule msichana mpya wa ofisi aliingia na chai, na Mama akapita kando ya sinia, akashuka ngazi kwa kukaa kila kidato, kwa sababu ya miguu. Nilimfuata hadi chini nimshike mkono. Aliniacha nimshike. Hakuniita mwanangu, kama alivyozoea. Madam aliniuliza baadaye, bila ubaya, "Bila ile karatasi leo tungekuwa wapi?" Tungekuwa barabarani, na Mama pia angekuwa barabarani, maana ofisi ile haikuwa na uwezo wa kumjengea mtu nyumba.

Mama alikwenda Keringet kwa kaka yake, akaishi huko kama mgeni kwenye ardhi inayopakana na ile aliyoiuza. Shangazi na Mjomba walikuja siku moja, wakiwa wameelewana. Hakuna aliyenilaumu. Tabitha alikunja kanga yake mwenyewe. Musa aliuliza kama kule Molo kuna mursik, Mjomba akasema kuna maziwa tu, na nikamwambia Musa kwamba mvua ikiisha nitakuja kumchukua. Mvua ilipoisha nilipata chumba, nikaenda. Mjomba alinikaribisha vizuri, akachinja kuku, kisha akasema mtoto amezoea, nimtoe shule katikati ya muhula nimpeleke wapi? Nilirudi Desemba. Nilirudi mwaka uliofuata. Mau Narok nako niliambiwa hivyohivyo, kwa upole uleule, na safari ya mwisho Tabitha ndiye aliyeniomba nisiendelee kuuliza, kwa sababu Shangazi alikuwa anaumia.

Leo ofisi ni yangu, na karatasi ninayo bado. Nisingefanya kazi hii bila hiyo, na ejenti kijana akija kuniomba ushauri, hilo ndilo la kwanza ninalompa: mshauri mteja, mwandikishe, usilete chai. Lakini mimi huongeza. Huwasimulia wanunuzi habari za kochi. Huwaambia sauti ilikuwaje. Wanasikiliza, wananiambia pole sana mathe, wengine wanatikisa kichwa hadi machozi yanawalenga. Halafu wanasema huyu anayeuza ni mtu wa kwetu, na wanauliza wapi pa kutia sahihi. Zamani nilidhani nikipata maneno sahihi mmoja wao atageuka. Siku hizi ninawasomea karatasi kwa sababu inanilinda, na inanilinda vizuri.

Baada ya kaburi kufunikwa tulipewa chakula kwenye ua wa kaka yake Mama. Tabitha alikuwa amekuja, na Musa, mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili. Alinivutia kiti akakipangusa. "Karibu dada, jisikie nyumbani," akasema, ingawa pale sote tulikuwa wageni. Tabitha alinijazia sahani, akasita na kijiko juu ya matumbo. "Wewe hula hizi?" Nikasema nakula. Tulizungumza habari za bei ya mbolea na barabara mpya. Kisha Musa, akiwa anachokoa nyama kwenye mfupa, bila kunitazama na bila hasira yoyote, alisema: "Unajua nilikuwa naangalia mvua? Kule kwa Mjomba. Kila asubuhi naenda mlangoni naangalia kama imeisha." Akacheka kidogo. "Mwaka ule iliisha mapema."

"Nilikuja," nikasema.

"Najua. Waliniambia baadaye. Nilikuwa shule."

Nikamuuliza watoto wake wako darasa la ngapi. Alikuwa ameshaniambia asubuhi, kaburini. Akaniambia tena, mmoja mmoja, na majina yao.